Tangazo la Vitunga Vitupu

Mtu akitaka kunisalimia hapa Kasongo hana haja ya kuuliza niko wapi. Niko barazani. Asubuhi nakaa upande wa kulia kwa sababu ya jua, mchana nahamia upande wa kushoto kwa sababu ya jua hilohilo, na hiyo ndiyo safari yangu ya siku. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma yake kwa alama zile ambazo mwalimu anakupa ili usirudi kumsumbua mwaka unaofuata, kisha nikakaa nikingoja kazi inikute nyumbani. Yaya yangu, dada yangu mkubwa wa tumbo moja, aliniita kuku wa mayai. "Mumuache, iko anaatamia," aliwaambia wageni waliouliza kwa nini siinuki. "Siku moja atatotoa."

Yeye hakukaa. Alinunua samaki Nyangwe kwa wavuvi wa Lualaba, akawakausha kwa moshi nyuma ya jiko letu, akawapanga ndani ya vitunga viwili vikubwa vya kufungwa kila upande wa pikipiki, na yeye mwenyewe akapanda katikati kwenda kuwauza Salamabila. Kule wachimba dhahabu wanakula kila kinachofika. Njia inapita Lusangi, inapita Kabambare, kisha inaingia pori mpaka kwenye mashimo. Motari wake, mwendesha pikipiki wa kumbeba, alikuwa mmoja miaka yote, mtu wa Kabambare, mwenye watoto wanne na kicheko cha kuamsha kuku. Tulimzoea kama shemeji bila harusi. Akifika kwetu anasimamisha pikipiki, ananitazama kutoka juu hadi chini.

"Shemeki, ungali hai? Nilifikiri walishakuzika hapa hapa barazani, wasipate taabu ya kukubeba."

"Wakinizika hapa nitakuwa nakusikia ukipita," namjibu. "Hiyo ndiyo adhabu ya kaburi yenyewe."

Lazima nieleze desturi moja ya wauza samaki wa kwetu, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Kwenda Salamabila si kitu kikubwa. Anayekwenda ana samaki, na samaki hawamtamanishi sana mwenye bunduki. Anayerudi ndiye ana kitu: pesa, au vumbi la dhahabu ndani ya kitambaa. Kwa hiyo mwenye kurudi huwa hajauza. Hata kama amemaliza samaki wote siku ya kwanza, anajaza vitunga majani makavu ya migomba, juu anapanga samaki watano sita wabovu aliowaacha makusudi, anafunika mkeka, anakaza kamba, na njia nzima analia. Ukimkuta Kabambare ukamuuliza soko, atakuambia soko limekufa, wachimbaji wana njaa kuliko yeye, samaki wanarudi nyumbani na mabuu. Utamhurumia. Ataishukuru huruma yako na kupita. Siku ya kuondoka nayo haisemwi. Akikuambia "kesho" ujue ni leo. Mama yetu, aliyeifanya kazi hiyo kabla ya magoti kumkatalia, alifundisha kwa neno moja: "Salamabila unaingia ukicheka, unatoka ukilia." Nimelala na kuamka na maneno hayo tangu utoto. Siwezi kusema sikujua.

Kisha nikapata simu yenye kioo kikubwa, iliyoachwa na mjomba aliyenunua mpya. Simu ilinifanya nijione nina ofisi. Nikaingia katika grupu moja ya kufundisha biashara ya mtandaoni, ya bure wiki ya kwanza, iliyoongozwa na bwana wa mji mkubwa ambaye hatukuwahi kuuona uso wake mzima, nusu tu na miwani. Kila asubuhi alituma sauti: "Wajasiriamali wangu, mmelala salama? Mshindani wenu hakulala." Mimi ndiye nilikuwa nimelala, kwa hiyo nilimsikiliza kwa aibu.

Alitufundisha kwamba matangazo ya redio yamepitwa na wakati, kipaza sauti cha sokoni nacho kimepitwa. Siku hizi ni video fupi, ni uso wa mwenye biashara, ni picha kwenye statu ya simu asubuhi watu wakiamka na jioni wakipumzika. Watu hawanunui bidhaa, alisema, wananunua habari ya bidhaa. Mteja hamwamini muuzaji, anaamini wateja wenzake, basi mwonyeshe wenzake wakinunua. Na mbinu aliyoiita mfalme wa mbinu zote: kitu kikiisha, piga kelele kwamba kimeisha. Mtu akiona amekosa, safari ya pili anakuja mbio na pesa mkononi.

Nilinunua daftari. Niliandika kwa kalamu mbili, ya buluu kwa mafunzo na nyekundu kwa mbinu. Shuleni sikuwahi kuwa mwanafunzi mwema namna ile. Laiti ningeendelea hivyohivyo.

"Yaya," nikamwambia siku moja akigeuza samaki juu ya wavu, macho yakimtoka machozi, "biashara yako haina jina."

"Iko na jina. Samaki."

"Kila mutu anauza samaki. Nimekupatia jina la kwako: Moshi Mwema."

Akajipangusa kwa ncha ya kitenge. "Moshi iko na wema gani? Njoo ukae hapa pahali pangu saa moja tu, kisha uniambie wema yake."

Motari, aliyekuwa anakaza kamba za mzigo, akapasuka kwa kicheko. "Mama wa samaki, umuache! Kuku imetotoa!"

Walicheka mpaka mama akauliza kutoka ndani kuna nini. Lakini yaya hakunikataza. Nadhani alifurahi kuona nimekamata kitu, hata kama ni moshi.

Ndani ya simu kulikuwa na chombo kimoja cha akili bandia ambacho ukikiambia unauza nini kinakuandikia tangazo. Nikakiambia samaki wa moshi. Kikaniandikia "ladha halisi ya bahari". Nikafuta bahari, nikaweka Lualaba. Mengine nikayaacha yalivyo, hata pale kiliposema samaki wetu wanabadilisha maisha. Nikampiga yaya picha amesimama na kambale mkubwa kama mkono wake. Nikatafuta mtu wa kuniingiza katika grupu la wanunuzi la Salamabila, lenye watu mamia wasiotumia majina yao: huyu ana picha ya mchezaji mpira, yule ya gari, wa tatu ya mtoto asiye wake. Sikumjua hata mmoja. Mwalimu wetu alisema hiyo ndiyo nguvu ya mtandao, kwamba unauzia watu usiowajua.

Na ilifaulu, lazima niseme kweli. Wenye migahawa ya kule wakaanza kuandika: niwekee kumi, niwekee ishirini, mama anafika lini? Nikawajibu anafika lini. Zamani yaya alikaa Salamabila siku sita, saba, akitembeza samaki kati ya vibanda vya mashimoni. Safari ya kwanza ya Moshi Mwema alikaa nne. Ya pili alikaa tatu. Alirudi akanikuta barazani, akanitupia suruali mpya mapajani.

"Shika mushahara, Bwana Ofisi. Ile ya zamani imeisha matako kwa kukaa."

Mama peke yake hakucheka. "Huyu mutoto anasema sana siku za watu," alisema. Nikamweleza kuhusu mteja na imani. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema tena hivyohivyo.

Safari ya tatu mama alikuwa na homa. Siku ya pili tangu yaya afike Salamabila, saa za alasiri, ikaingia picha kutoka kwake. Amesimama katikati ya vitunga viwili vilivyopinduliwa kuonyesha havina kitu, meno yote nje. Nyuma yake motari ameshika usukani wa pikipiki, naye anacheka, namba ya pikipiki inasomeka wazi. Chini yake sauti fupi: "Mudogo, samaki imekwisha yote, hata vichwa. Umuonyeshe mama, aache kuhangaika, apone. Mama peke yake. Kesho asubuhi tunashika njia."

Nikamwonyesha mama. Akatabasamu, akageukia ukutani, akalala.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini wiki ile mwalimu alikuwa ameahidi kwamba atakayeleta ushuhuda bora wa mafanikio atasomwa mbele ya grupu zote za nchi nzima. Nilikuwa na picha mkononi, na katika maisha yangu yote sijawahi kusomwa mbele ya watu isipokuwa katika orodha ya waliofukuzwa kwa deni la ada ya shule. Nikafungua daftari kwenye wino mwekundu. Nikaandika hivi, nakumbuka kila neno:

WAMEKWISHA! Vitunga vyote vitupu kwa siku mbili tu! Asanteni Salamabila. Kesho asubuhi tunarudi Kasongo kuleta wengine. Weka oda yako sasa. Moshi Mwema, samaki wanaobadilisha maisha.

Nikaweka kwenye statu. Nikaweka kwenye grupu la mafunzo, ambako mikono ya makofi ilimiminika. Nikaweka kwenye grupu la wanunuzi la Salamabila. Kisha nikahamia upande wa pili wa baraza, kwa sababu ya jua.

Siku ya tatu tangu niweke tangazo, yaya alipaswa kuwa amefika. Hakufika. Nilimpigia, simu haikuita. Nikamwambia mama ni mtandao. Siku ya nne, saa nne asubuhi, ikaita namba nisiyoijua.

"Ni wewe mudogo wa mama wa samaki?" Sauti ya mwanaume, imechoka.

"Ni mimi."

"Mimi ni mukubwa wa motari wake. Niko Kabambare. Dada yako iko hapa kwetu. Iko muzima, isipokuwa mukono." Nikasikia watu wakilia nyuma yake. "Mutu wetu tumemuzika jana."

Jambo la kwanza nililolifanya baada ya kukata simu, kabla ya kumwendea mama, kabla hata ya kusimama, ni kufuta lile tangazo. Nililifuta kwenye statu, nikalifuta kwenye grupu zote mbili, nikaifuta picha yenyewe ndani ya simu na sauti ya yaya pamoja nayo. Vidole vilifanya kazi haraka sana. Nadhani ni kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko zote tangu nizaliwe.

Mama aliposikia akaketi kitandani akasema: "Leo utainuka." Nikainuka. Nilipanda pikipiki ya motari wa hapa Kasongo, nikamshika kiuno kama mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu shule niliiona Lusangi, nikafika Kabambare na vumbi mpaka kwenye meno. Kilio kilikuwa kimekaa. Wanaume wako nje kwenye viti na mikeka, motari wote wa Kabambare wamepanga pikipiki zao kando, hakuna aliyewasha. Yaya alikuwa nyuma, upande wa wanawake, mkono umefungwa kwa kitambaa na vijiti. Akaniona, akainuka, akanipeleka nyuma ya jiko.

"Nilijaza majani," alisema. "Nilifunga mukeka. Nilipanga na zile mbovu juu. Kila kitu vile mama alitufundisha."

Nikasema pole.

"Ngoja. Mbele yetu kulipita pikipiki ya muuza nguo, na muzigo mukubwa kweli. Wenye bunduki waliiacha ipite. Mimi niliiona na macho yangu, ilipita katikati yao. Sisi ndio wakatusimamisha. Walikuwa watano. Mumoja akaniambia, na heshima kabisa: 'Mama wa Moshi Mwema, shuka. Pongezi kwa kuuza.'"

Akaupakata ule mkono wenye vijiti.

"Sokoni wananiita mama wa samaki," alisema yaya. "Hilo jina lingine, nani analijua?"

Nilitazama miguu yangu. Alikuwa ananiambia polepole, bila hasira, kama mtu anayeonyesha njia.

"Motari hakuelewa. Akaanza kulia kilio chetu cha siku zote. Akawaambia mama huyu hajauza kitu, soko limekufa, mutazame wenyewe, samaki zake hizi zinaoza. Akafungua mukeka awaonyeshe. Yule mwenye kuongea akamuuliza: 'Unatufanya wajinga?' Motari akaendelea. Akasema aki ya Mungu hajauza. Ndio wakamupiga risasi. Wangemuacha, mudogo. Wale walitaka tu kile kitambaa kiunoni mwangu. Walimupiga kwa sababu ya uongo."

Uongo huo motari aliutumia miaka yote, na miaka yote ulimrudisha nyumbani kwa watoto wake. Kila mtu njiani aliujua, hata wenye bunduki waliujua, lakini hapakuwa na mtu wa kuhakikisha. Mimi ndiye niliyehakikisha.

Tulirudi mbele. Baada ya chakula mkubwa wa marehemu, yule kaka yake aliyenipigia simu, akasimama. Yeye ndiye kiongozi wa motari wa pale, mtu mfupi, mwenye mikono ya mafuta hata siku ya kilio. Akasema anataka kuuliza kitu kimoja tu, kwa amani.

"Wale watu walijua mama ameuza. Walijua siku. Walijua pikipiki. Nani alisema?"

Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akataja mwenye nyumba ya kulala wageni kule Salamabila. Mwingine akataja mwanamke mmoja muuza samaki wa papo hapo Kabambare, mshindani wa yaya, aliyekuwa amekaa na wenzake akipepeta mchele wa kilio. Yule mwanamke akaacha kupepeta. Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini yaya alikuwa amekwisha kusimama.

"Musimutaje mutu," alisema. "Ni mimi. Nilifurahi kuuza, nikatangaza mu simu. Na picha nikaweka, na yeye iko ndani. Ni mimi."

"Wewe?" akasema mzee mmoja. "Wewe mutu wa njia hii tangu siku za mama yako?"

"Ni mimi."

Kisha mkubwa wa marehemu akasema, "Tumesikia," akaketi. Na mimi nikaufunga mdomo wangu, nao ukafungika kirahisi.

Njiani kurudi sikuweza kumuuliza kwa nini. Kila mmoja alikuwa kwenye pikipiki yake, na mbele ya mama nyumbani hatukulisema. Mkono wake ulipona umepinda kidogo. Mwezi wa pili baada ya kilio akaenda Nyangwe, akanunua samaki, akawakausha, akapanga vitunga. Akatuma salamu Kabambare atafutiwe motari. Jibu likaja: hakuna. Akaongeza nauli. Hakuna. Motari mmoja kijana akamwambia wazi barabarani: "Mama, na heshima yako, sisi hatubebi mutu wa kutangaza." Wa Kasongo walikubali kumfikisha mpaka Kabambare tu, zaidi ya hapo pori ni la motari wa Kabambare wenyewe. Samaki wale akawauza hapa Kasongo, ambako kila mtu ana shangazi Nyangwe wa kumletea samaki na hakuna anayenunua. Wengine waliliwa na mabuu ya kweli.

Alianza kukaa. Hilo ndilo lililonishinda. Asubuhi natoka barazani nakuta yaya amekwisha kukaa upande wa kulia, mkono uliopinda mapajani, anatazama njia. Hakunitania. Siku moja nikajaribu mimi: "Yaya, tumekuwa kuku wawili." Akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali, akageuka.

Nikamwambia nitakwenda Kabambare niseme.

"Utasema nini?"

"Kweli."

"Watakupiga."

"Labda."

Hakunikataza, na hakunishukuru. Kesho yake asubuhi nikaondoka.

Nilimkuta mkubwa wa marehemu akitengeneza mnyororo wa pikipiki chini ya paa la mabati, mahali motari wanapokaa kungoja wateja. Walikuwa saba nane. Nikasimama, nikasema yote: mafunzo, jina, picha, "mama peke yake", maneno ya tangazo. Hakuinua uso. Aliendelea kukaza mnyororo hata baada ya kukaza kwisha.

"Na dada yako alisema ni yeye."

"Alisema."

"Na wewe ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Bugali yetu ya kilio. Ulikula na ukanawa mikono." Akawageukia wenzake. "Mumemusikia? Ana suruali nzuri. Mutazame suruali."

Mmoja akasimama, mwenye spana mkononi. Mkubwa akamwashiria akae. Akajifuta mafuta.

"Dada yako atabebwa. Kuanzia leo. Nitamubeba mimi mwenyewe. Lakini wewe, pikipiki ya Kabambare usipande tena, hata ukiwa mugonjwa, hata ukiwa maiti. Utarudi Kasongo na miguu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa twende ukaseme na kule ndani."

Mjane alikuwa bado kwenye eda. Hatoki, na mwanaume wa nje haoni uso wake. Nikakaa kwenye kigoda ukumbini, yeye yuko chumbani, kati yetu pazia la kitenge. Nikasema yote mara ya pili. Mara ya pili ilikuwa fupi. Nilisikia mtoto akikohoa, nikamsikia akimwambia mtoto aende akacheze. Nilingoja alie au anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Ile picha," akasema. "Dada yako alisema na yeye iko ndani."

"Iko ndani. Nyuma. Ameshika usukani."

"Iko anacheka?"

"Iko anacheka."

"Mimi sina picha yake ya kucheka. Niko na ya kadi ya uchaguzi tu, mule amekaza sura kama wanamufunga. Mutoto mudogo anaiogopa." Pazia likatikisika, vidole vikatokea chini yake, kiganja kimefunguka. "Nionyeshe."

Nikaitazama ile mikono yangu.

"Niliifuta, mama."

"Uliifuta."

"Siku ileile."

Kiganja kilikaa pale kidogo, kisha kikarudi ndani. Simu ya yaya ilichukuliwa na wale watu. Hata kwake picha haikuwako. Mkubwa wa marehemu, aliyesimama mlangoni, akaniuliza kama hakuna mtu mwingine aliye nayo. Nikasema labda, katika lile grupu la wanunuzi la Salamabila, maana sikuwahi kutoka ndani yake.

"Uliza basi."

Mtandao wa Kabambare unapatikana mahali pamoja, pale kwenye mwinuko ambapo watu wanasimama na simu juu kama wanaomba mvua. Tulipanda wawili. Nikaandika: "Tafadhali, mwenye bado na ile picha ya vitunga vitupu vya Moshi Mwema anitumie." Nilipoinua macho kumwambia kwamba huenda tukangoja mpaka jioni, simu ikatetemeka mkononi.

Haikupita kwenye grupu. Ilikuja kwangu pembeni, kutoka namba isiyo na jina, yenye picha ya ua jekundu. Hakuna salamu, hakuna swali. Picha tu.

Ilikuwa imekatwa. Yaya hakuwamo. Vitunga havikuwamo. Vilibaki pikipiki, na namba yake, na uso wa motari unaocheka, vimevutwa karibu mpaka vikajaza kioo. Aliyeikata hivyo hakuwa anatafuta samaki. Alitaka mtu aweze kuvitambua akiviona njiani.

Mkubwa wa marehemu aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Nani huyu?"

"Simujui."

Akaandika yeye mwenyewe, polepole, kwa kidole kimoja: "Wewe ni nani?" Tukangoja. Ua jekundu likatoweka. Namba ilikuwa imenifungia.

Tulishuka. Nikapitisha simu chini ya pazia. Mjane akamwita mtoto, na nikamsikia mtoto akicheka, akisema ni baba, ni baba na pikipiki.

"Ni nzuri," mjane akasema. "Lakini mbona wameikata?"

Shemeji yake akanitazama, nami nikamtazama.

"Ndivyo ilivyofika, mama," nikasema.